Bi Kiwiko Anaagwa Dirishani

Baada ya miaka thelathini na minne katika kitengo cha elimu ya afya cha kituo chetu, dada yetu ambaye mji mzima unamjua kwa jina la Bi Kiwiko anastaafu rasmi siku ya mwisho ya mwezi huu. Sherehe ya kumuaga ni Ijumaa asubuhi, ukumbini. Kiti chake cha mbele, kile chenye mito miwili, kitakuwepo, kitapambwa maua, na kitakuwa kitupu. Mwenyewe yuko nyumbani kwake anaugua mafua, na aliyemwambia asije kwenye sherehe yake ni mimi. Nitafika huko. Kwanza nitaje sifa zake, maana ndiyo kazi niliyopewa, na ni nyingi kiasi cha kuudhi.

Mimi ni mwenzake wa ofisi moja. Tuliajiriwa siku moja, tumetoka chuo kimoja, tuna cheti cha aina moja, tukapewa chumba kimoja chenye meza mbili na dirisha moja. Yeye akachukua meza ya dirishani. Kazi nayo ikagawanywa: mimi niandike ushauri wa afya, yeye aupeleke kwa watu. Ukiusikia mgawanyo huo utadhani ni wa haki. Niliandika kipeperushi cha kunawa mikono, akasifiwa yeye. Nikaandika bango la kuchemsha maji ya kunywa, akashangiliwa yeye. Watu walinibandika jina la Bwana Bango, na hata jina hilo alilitunga yeye.

Nilimwonea wivu. Mkuu wa kituo amepitia rasimu mbili za wasifu huu na kulikata neno hilo mara zote mbili, nami nimelirudisha. Ukimwagia mtu sifa bila kusema zilikuuma, hujamsifu sawasawa.

Wala simvishi kilemba cha ukoka. Bi Kiwiko si mnyenyekevu, hajawahi kuwa, na leo hatajisingizia kwamba alikuwa. Anapenda kusifiwa kama wengine tunavyopenda chai ya asubuhi, tena hiyo chai ya asubuhi huinywa ya wenzake. Huchelewa kazini na bado ndiye anayesubiriwa. Sauti yake ikitoka getini inafika maabara, ghorofa ya pili, bila kuchoka njiani, lakini alipopewa kipaza sauti hakukiachia tena. Akienda mitaani hujifunga kitambaa chekundu kichwani ili aonekane kwa mbali. Anaonekana. Mimi niliyesimama pembeni yake nimeulizwa mara nyingi kama mimi ndiye dereva.

Jina la Kiwiko alilipata mwaka ule wa mafua makali. Wenye kumbukumbu wanajua haikuwa mzaha. Kila nyumba ilikuwa na mtu anayekohoa, wodi zilijaa hadi veranda, madarasa yalifungwa, na kila mtaa ulikuwa na mzee aliyepelekwa hospitali akarudi akiwa marehemu. Nikakaa mezani kwangu nikaandika ushauri. Ulikuwa mzuri, sioni haya kusema. Mambo saba, kwa Kiswahili safi: kohoa na kupiga chafya kwenye kiwiko, si kiganjani, nawa kwa sabuni, usijishikeshike uso, fungua madirisha hewa ipite, ukipata homa baki nyumbani, walinde wazee, wajawazito na wenye pumu, na wapate chanjo mapema, ukishindwa kupumua vizuri njoo kituoni bila kusubiri. Likachapwa bango kubwa la rangi tatu, nikalibandika mwenyewe kando ya dirisha la dawa, mahali ambapo kila mgonjwa lazima apite.

Na kweli walipita, wakasimama. Mwenye macho mabovu alisogea akasome karibu, aliye nyuma yake alichungulia begani kwake, na aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua, huku wote wanakohoa. Mchana foleni ya dawa na kundi la wasomaji vilikuwa kitu kimoja. Mimi nimesimama mlangoni, kifua mbele, nikijiona nimefika. Bi Kiwiko akatokea, akatazama lile kundi, akanitazama mimi, kisha akaniambia mbele ya muuguzi na mfagizi: "Bwana Bango, umewakusanya wagonjwa ili wasome kwamba wasikusanyike." Muuguzi alicheka akashika ukuta. Bango likahamishiwa nje, ukutani kwa barabara, likagawanywa vipande saba vilivyoachana. Wazo hilo lilikuwa la nani, sina haja ya kusema.

Sasa nieleze namna yake ya kufanya kazi, kwa sababu vijana walioajiriwa juzi wanadhani alikuwa na kipaji cha kelele tu. Bi Kiwiko hakumpa mtu yeyote mambo saba. Aliingia mtaani, akasimama mlangoni kwa kila nyumba, hapiti ndani, akawaachia wenye nyumba jambo moja tu, na kuwafanya wao wenye jambo hilo kwa mtaa mzima. Nyumba iliyo karibu na bomba aliipa sabuni. Mwalimu mstaafu wa kona akapewa madirisha. Kinyozi akapewa homa: mteja mwenye mwili wa moto asikalie kiti chake, arudi nyumbani akalale. Mama mmoja mkali, ambaye ugomvi wake ulikuwa ukimfanya kila mtu abadilishe njia, alipewa viwiko. Mtoto akipiga chafya hovyo mbele ya mlango wake alisikia cha moto.

Matokeo yake, kila nyumba ilijiona ndiyo serikali. Mwalimu alipita asubuhi akigonga madirisha kwa fimbo yake ya kutembelea. Mwenye sabuni alimsema mwalimu kwamba hanawi. Kinyozi alimfukuza shemeji yake. Kila mtu alipata nafasi ya kumsema jirani kwa ruhusa ya kituo cha afya, na sijui kama kuna kitu ambacho watu wangekipenda zaidi. Wagonjwa wa mtaa ule walianza kupungua kuliko wa mitaa mingine, mkuu wa kituo akaona, na Bi Kiwiko akapewa mji mzima.

Roho iliniuma, nikasema nami ninaweza. Nikachukua mitaa miwili ya upande wa pili. Lakini mimi ni mtu wa haki, sikuona kwa nini nyumba moja ipate sabuni na nyingine ipate madirisha, kana kwamba ninapendelea. Nikampa kila mtu yote saba. Wiki moja baadaye nilirudi kukagua nikakuta kila nyumba imechagua lile lisilo na gharama wala jasho. Mitaa miwili mizima ilikuwa imefungua madirisha, na ndani yake watu wanapigiana chafya usoni. Bibi mmoja aliniuliza kama Bi Kiwiko ni mgonjwa, mbona wameletewa mimi.

Ya kiwiko chenyewe ni hivi. Alitangaza kwamba mkono wake hautashikwa na mtu hadi mafua yaishe, na salamu ikawa kugusana viwiko. Akaja mgeni mkubwa kutoka makao makuu, shati jeupe, msafara nyuma. Akanyoosha mkono. Bi Kiwiko akatoa kiwiko kwa ile nguvu yake ya kawaida, kikapiga kikombe cha chai kilichokuwa mkono wa pili wa mgeni, na chai yote ikaishia kwenye lile shati. Tukaganda. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema moyoni leo ndiyo leo, dada anakwenda na maji. Mgeni akajitazama, akaangua kicheko, akasema kumbe ndiyo maana mji huu umepona, akaomba wapigwe picha pamoja wakiwa wamegusanisha viwiko na lile doa likionekana. Picha ipo hadi leo ukutani kwenye chumba cha mkuu wa kituo. Upande wa kushoto, pembeni kabisa, utaona vidole vinne vimeshika bango. Hivyo ni vidole vyangu.

Yote hayo ningeweza kuyameza. Lililonikaa kooni ni la mama yangu.

Mama ninaishi naye. Ana pumu ya miaka mingi, na mwaka ule nililala na kuamka na hofu juu yake. Nilimsomea mambo saba nikiwa nimekaa kitandani kwake. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Wewe kamasi zako nimezifuta kwa mkono huu. Leo unifundishe mimi mafua?" Wageni wakaendelea kumiminika sebuleni, wanakohoa, wanamshika mikono, na yeye anawakaribisha mmoja mmoja. Nilimsihi, nikanuna, nikabandika bango ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Alilitumia kufunika dawa zake zisiingie vumbi.

Nikajikaza, nikamwomba Bi Kiwiko apite. Kuomba kule kuliniuma kuliko jino. Alisimama mlangoni, akamwamkia, akamwambia: "Mama, wewe nina kazi moja tu ya kukupa, wengine hawaiwezi. Mtu akija anakohoa, usimpitishe huu mlango. Hata awe nani." Hakukaa zaidi ya hapo. Tangu siku ile mama aliweka kiti chake uani, mbali kidogo na mlango, akawa mlinzi. Mashoga zake wa ujanani aliwarudisha. Shekhe na mchungaji, wote alizungumza nao kutoka ng'ambo ya uzio. Siku moja nilirudi kutoka stoo ya kituo, vumbi la maboksi limenikamata koo, nikakohoa mara moja tu nikiwa nafungua geti. Mama akanyoosha kidole. Nikamwambia ni vumbi tu. Akasema Bi Kiwiko amemwambia wote husema ni vumbi tu. Chakula cha mchana nilikula nimesimama nje ya geti la nyumba ninayoilipia mimi, sahani imepitishwa juu ya uzio.

Mama hakuugua. Nilishukuru, na ninashukuru mpaka kesho. Lakini tangu hapo akitaka kunisifia mtu mwenye akili husema mwanangu Bi Kiwiko. Mwanangu! Mimi ananiita wewe.

Kwa hiyo tulipotangaziwa sherehe hii, mama alitoa gauni lake la buluu sandukuni siku hiyo hiyo. Kinyozi aliahidi kufunga duka, yule mama mkali wa viwiko akaahidi kuimba, na mwalimu wa madirisha, ambaye sasa anatembea kwa magongo mawili, akaomba kiti cha mbele. Mama naye akapangiwa mbele, pembeni ya mstaafu. Wazee watupu, bega kwa bega, na Bi Kiwiko katikati yao akiwashika mikono, kwa sababu siku ya kuagwa alikuwa ametangaza kwamba atamshika kila mtu mkono, kulipia miaka yote ya viwiko.

Mafua yamerudi msimu huu, kila anayefanya kazi hapa anajua. Si kama mwaka ule, lakini wodi ya wanaume ina vitanda vichache vilivyo wazi. Jumatatu asubuhi niliingia ofisini nikamkuta Bi Kiwiko ameshafika. Hilo peke yake lilinishtua. Alikuwa amejifunika mtandio mabegani na jua linawaka dirishani kwake. Macho mekundu. Nilipoweka mkoba mezani alikohoa, kwenye kiwiko, vizuri kabisa, kisha akaniwahi kabla sijasema neno.

"Ni vumbi tu," akasema.

Nilikaa nikamtazama. Nitasema ukweli wa kilichonipita moyoni, maana wasifu bila ukweli ni kadi ya dukani. Kwanza nilimwona mama yangu na gauni lake la buluu, mkono wake ndani ya mkono ule. Kisha nikawaza nikimwambia asije, mji mzima utasema nini. Utasema Bwana Bango amengoja miaka yote hiyo, na siku ya mwenzake kushangiliwa ndiyo amepata pa kumkomoa. Kisha nikajiuliza kama hawatakuwa wamesema kweli. Nilijichunguza sana, na sikupata jibu la kunitosha. Wivu wangu naufahamu vizuri, lakini asubuhi ile sikuweza kutenganisha upi ni wivu na upi ni hofu ya mama. Nikaona kama ningesubiri moyo usafike ndipo niseme, Ijumaa ingefika.

Ningeweza kumpa yote saba. Yalikuwa pale ukutani nyuma yangu, kwa rangi tatu. Badala yake nilisimama karibu na mlango, sikusogea zaidi, nikamwambia: "Dada, nina jambo moja tu la kukupa. Ukipata homa, baki nyumbani. Hilo ni lako kwa mji mzima. Ukilivunja wewe, hakuna atakayelishika."

Nilingoja anicheke, kwa sababu amenicheka kwa mengi madogo kuliko hilo. Nilingoja aniambie ni wivu. Badala yake akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ndogo, "Na kuagwa kwangu?"

Nikamwambia tutamuaga. Akauliza nani atasoma wasifu. Nikasema mimi. "Wewe?" akasema. "Watalala wote." Kisha akakusanya vitu vyake, akajifunga mtandio vizuri, akafungua mlango kwa kiwiko kama alivyotufundisha, na kwenda zake. Alipita foleni nzima ya wagonjwa wanaomwita jina bila kumshika mtu mkono. Alasiri tabibu alimpima huko huko kwake: mafua yenyewe, na homa ya kumlaza mtu.

Waliosema wivu wamesema, tena wengine wamekuja kunieleza usoni kwenye chumba cha chai. Mama hakusema hivyo. Alilirudisha gauni sandukuni, akasema kama mwanawe haji basi na yeye hana la kufuata ukumbini, atasikia baadaye ilivyokuwa. Nikamkumbusha kwamba atakayesoma ni mtoto wake wa kumzaa. Akasema anajua.

Niongeze mafanikio yake mengine, nisije nikaambiwa nimeyaficha. Amefundisha maafisa afya karibu wote wa kituo hiki, na wawili wao leo ni mabosi wetu. Kampeni ya chanjo kwa wajawazito, ambayo watu waliigomea, aliifanikisha kwa kuchanjwa yeye mwenyewe, akiwa mjamzito, sokoni, juu ya meza ya muuza nyanya, huku akipiga kelele kabla sindano haijamgusa ili watu wacheke na kusogea. Amelea watoto watatu na wajukuu ambao wote wanakohoa kwenye viwiko hata wakiwa hawana mafua. Hajawahi kurudisha kalamu yangu hata moja.

Habari za kutia moyo ni kwamba tangu jana homa imeshuka na anakula. Binti yake ametuletea maagizo, kwa sababu hata kitandani mama yake anaagiza. Ukumbini viti viachane, madirisha yote yawe wazi, mwenye kikohozi abaki kwake bila kuona aibu. Na baada ya ukumbi, wote mfuate barabara mpaka chini ya dirisha lake la ghorofani, msimame upande wa pili wa njia. Yeye atakaa hapo dirishani, na kitambaa chekundu kichwani. Agizo la mwisho ni kwamba Bwana Bango alete kipaza sauti na kumsomea wasifu huu mwenyewe, neno kwa neno, pamoja na yale ya wivu ambayo amesikia mkuu wa kituo anayakata.

Nilipomweleza mama agizo hilo, aliniuliza kama upande wa pili wa njia kutakuwa na kiti. Gauni limetoka tena.

Kwa hiyo haya ya mwisho nayasema kwako, dada, wewe uliye hapo juu. Miaka thelathini na minne nimeandika ushauri ambao mji mzima uliungoja utoke kinywani mwako ndipo uamini. Nilichotaka ni mtu mmoja anisikie mimi, mmoja tu, afanye nilivyosema kwa sababu nimesema. Jumatatu nimempata. Nilimtazama akivuka ua wa kituo kwenda nyumbani na homa yake, bila kumgusa mtu, na katika watu wote wa mji huu ilibidi awe wewe. Hata hilo umenishinda.

Ahsante kwa kazi, ahsante kwa mama yangu. Kituo kizima kinakuombea afya na pumziko refu, na mimi nakutakia maisha mema kwa moyo mmoja, ule uliobaki. Meza ya dirishani naichukua. Hilo dirisha lako usilifunge, na mkono usininyooshee, tuko mbali. Toa kiwiko, dada. Nami natoa changu.